Skonzi za mkaa, hata mwezi wa saba Arusha

Skonzi nilifundishwa na mama mkwe wangu huko Moshi, Pasua. Kule ukikanda unga asubuhi na kuufunika, ukirudi kutoka sokoni Mbuyuni unakuta umeshasukuma kitambaa. Nikahamia Arusha, Sakina, mwezi wa saba. Nikafanya yale yale, kwa muda ule ule, skonzi zikatoka ndogo na nzito. Nikabadilisha hamira, nikabadilisha unga, hali ikawa ile ile. Kumbe ni baridi. Arusha mjini iko kama mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, Moshi iko chini zaidi, na mwezi wa saba maji ya ndoo jikoni kwangu yanauma vidole. Hamira ni kiumbe hai, kwenye baridi inafanya kazi polepole. Tangu hapo siangalii saa, naangalia donge.

Kwa skonzi 15 chukua nusu kilo ya unga wa ngano, hamira ya chenga kijiko kimoja na nusu cha chai, sukari vijiko vitatu vya chakula, chumvi kijiko kimoja cha chai, siagi gramu 50, yai moja, na maziwa kikombe kimoja cha mililita 250. Mimi naongeza iliki punje nne, nimezitwanga mwenyewe. Ya unga wa dukani imeshapoteza harufu.

Maziwa ndipo wengi wanapoharibu. Ukinunua mabichi, yachemshe, kisha uyaache yapoe mpaka ukichovya kidole usisikie moto wala baridi. Niliwahi kuyamimina yakiwa bado ya moto kwa sababu watoto walikuwa wanasubiri chai. Donge likakaa mpaka jioni kama udongo wa mfinyanzi. Hamira hufa kwenye joto la nyuzi 60 hivi, na ikifa hakuna cha kuifufua. Kwa hiyo koroga hamira na kijiko kimoja cha ile sukari ndani ya maziwa vuguvugu, subiri dakika kumi. Ukiona povu juu, endelea. Usipoliona, usipoteze unga wako, rudi dukani kwa Mangi.

Changanya unga, chumvi, iliki na sukari iliyobaki, tia yai na maziwa, ukande. Siagi iingie mwishoni, kidogo kidogo. Donge litanata na utatamani kuongeza unga. Vumilia. Paka mafuta viganjani na uendelee kwa dakika 12 mpaka 15, ukisukuma kwa kitako cha kiganja, unakunja, unageuza. Litaacha kunata lenyewe. Kata kipande, kivute taratibu kwa vidole: kikitanuka kuwa chembamba kiasi cha kuona mwanga bila kuchanika, limeiva kukandwa.

Sasa joto. Naweka bakuli lililofunikwa ndani ya boksi la katoni, pembeni naweka chupa mbili za maji ya moto, nafunika boksi kwa kitenge kizito. Hapo donge huumuka kwa saa moja na nusu hivi. Likishakuwa mara mbili, bonyeza kwa kidole chenye unga. Shimo likirudi haraka, bado. Likirudi nusu, polepole, ni tayari. Likibaki vile vile na donge likanywea, umechelewa.

Gawa vidonge 15. Kila kimoja kiviringishe chini ya kiganja kilichokunjwa kama kikombe, juu ya meza isiyo na unga, mpaka ngozi yake ikaze. Panga kwenye trei iliyopakwa mafuta, acha nafasi ya kidole kati yao, rudisha kwenye boksi mpaka vigusane.

Wakati huo washa mkaa. Sufuria kubwa nene, mchanga mkavu chini kina cha kidole, kifuniko cha bati, ipate moto dakika 15. Moto wa chini uwe mdogo, wa juu ya kifuniko ndio mwingi. Ukifanya kinyume, utapata skonzi nyeusi chini na nyeupe juu. Kupima, weka unga kidogo kwenye kisahani cha bati, kiingize ndani: ukigeuka kahawia hafifu kwa dakika tatu hivi, ingiza trei. Ukiungua mapema, punguza makaa. Mwenye oveni aweke nyuzi 180.

Usifunue kabla ya dakika 15. Kwa kawaida zangu huiva kati ya 20 na 25. Toa moja, igonge chini kwa kidole, ikilia kama kitu chenye uwazi ndani imeiva. Zipake siagi zikiwa za moto, zifunike kwa kitambaa safi ili ngozi ilainike, na uziache dakika kumi kabla ya kuzibandua.

Zikibaki mpaka kesho yake, nyunyizia maji matone machache, uziweke kwenye kikaango kilichofunikwa, moto mdogo, dakika tatu.