Kabla ya kufungua duka la mtandaoni, uza pea moja kwanza

Unataka kuuza viatu vya Kariakoo kupitia Instagram? Usianze na nembo wala kulipia matangazo. Tafuta mteja wa mkoani usiyefahamiana naye, tuseme yuko Mwanza, umuuzie pea moja mpaka imfikie mkononi.

Hapo ndipo utajijua. Je, bei uliyomtajia ilibeba bodaboda ya kupeleka mzigo stendi ya Magufuli pale Mbezi, gharama ya basi, mfuko, na makato ya kutoa pesa kwenye simu? Wengi hupiga hesabu ya bei ya kununulia tu, faida yote inaishia njiani. Na akisema kiatu kinambana, nani analipa gharama ya kukirudisha? Amua mapema, umwandikie kabla hajalipa.

Meseji nazo zinachosha kuliko watu wanavyodhani. "Bei gani?" itaingia hata saa nne usiku, na asiyejibiwa hununua kwingine. Kama kazini huruhusiwi kushika simu mchana, tafuta kwanza mtu wa kukusaidia kujibu.

TIN, yaani namba ya mlipakodi kutoka TRA (Mamlaka ya Mapato Tanzania), hutolewa bure, hiyo isikucheleweshe.