Kuivalisha Premio rimu pana za Impreza: pima upande wa ndani kwanza

Asalaam aleikum wenzangu. Tangu nipite nazo pale sokoni, wengi mmeniuliza juu ya rimu za Subaru Impreza nilizozifunga kwenye Toyota Premio yangu hapa Malindi. Basi naeleza kazi yote. Kufunga ni saa mbili. Kupima kulinichukua siku nzima, na siku hiyo ndiyo iliyoniokoa.

Hatua ya 1: matundu
Premio na Impreza nyingi zina matundu matano kwenye duara la milimita 100, yaani 5x100. Usitosheke na neno la muuzaji. Pima kutoka katikati ya stadi moja (boliti inayochomoza kwenye gari na kufungwa nati) hadi katikati ya jirani yake: ukipata kama milimita 58.8, duara ni 100. Ukipata 67.2, duara ni 114.3 na rimu haikai. Impreza STI za kuanzia 2005 ni 114.3, kwa hivyo jina la Impreza peke yake halitoshi.

Hatua ya 2: upana na ofseti
Hapa ndipo pesa za watu hupotea. Ofseti, ile ET iliyochongwa mgongoni mwa rimu, ni umbali kati ya mstari wa katikati ya upana wa rimu na uso unaokaa kwenye habu, yaani kitovu cha gari ambapo gurudumu hufungwa. Namba ikiwa kubwa, rimu huingia ndani zaidi.

Za zamani zilikuwa 15 kwa 6, yaani kipenyo inchi 15 na upana inchi 6, ET45. Nusu ya inchi 6 ni milimita 76. Ongeza 45, upate 121 upande wa ndani. Mpya ni 16 kwa 6.5, ET48. Nusu yake ni 82.5, ongeza 48, upate 130.5. Zimesogea milimita 9 na ushei kuelekea shokabzoba. Upande wa nje, toa badala ya kujumlisha: kutoka 31 hadi 34.5. Yaani nje zimetoka milimita tatu na kidogo tu! Kila mtu huinama kutazama madigadi, na hatari iko nyuma ya tairi ambako hakuna anayetazama.

Mimi nilichukua donge la unga wa chapati jikoni, nikalibandika kwenye shokabzoba pale tairi linapokaribia, nikafunga gurudumu, kisha nikalitoa na kupima unene uliobaki. Ulibaki milimita 7. Chini ya 5 nisingefunga. Shokabzoba ya mbele hugeuka pamoja na gurudumu, kwa hivyo nafasi hiyo haibadiliki ukikata kona. Kinachobadilika ni nafasi ya plastiki ya ndani ya madigadi, nayo tutaifikia.

Hatua ya 3: tairi
Yangu yalikuwa 195/65R15, kimo cha milimita 634. Nikaweka 205/55R16, kimo cha 632. Mita ya kasi haidanganyi, na gari halikushuka.

Hatua ya 4: ringi ya katikati
Tundu la katikati la rimu ya Subaru ni 56.1, habu ya Premio ni 54.1. Inabaki nafasi ya milimita moja kila upande. Tafuta ringi ya plastiki ngumu au alumini, au umpelekee fundi wa mashine akukerezee. Kabla ya kuivisha, sugua habu kwa brashi ya waya. Sisi wa pwani chumvi hutula chuma hata gari likiwa limelala, na kutu kidogo tu huifanya rimu ikae upande. Paka grisi nyembamba kwenye mdomo wa habu. Kwenye nyuzi za stadi usipake.

Hatua ya 5: nati
Hili lilinipata mwenyewe. Karakana ya kwanza niliyokwenda walitumia nati zilizokuja na rimu. Stadi za Toyota ni M12 (unene wa milimita 12) na umbali kati ya uzi na uzi ni milimita 1.5, nati za Subaru ni 1.25. Nati iliingia mizunguko miwili, ikagoma, kijana akaongeza nguvu kwa bomba. Stadi mbili ziliharibika. Roho iliniuma, maana ningeweza kuizuia kwa kuijaribu nati kwa vidole. Tumia nati za 1.5 zenye mdomo wa koni, kwa kuwa rimu hizi zina kikalio cha koni, yaani pale nati inapokaa pamechongwa kama koni. Zile bapa zenye washa hazifai. Kila nati iingie kwa vidole angalau mizunguko 8.

Kaza kwa kurukaruka, nati moja uache moja, mwisho kwa torki renchi (spana inayopima nguvu ya kukaza): 103 Nm. Nenda Kilifi urudi, kisha kaza tena.

Hatua ya 6: jaribio
Kata usukani mpaka mwisho kulia na kushoto. Kisha pakia watu wanne, panda tuta polepole usukani ukiwa umekatwa, usikilize kama tairi linagusa ile plastiki ya ndani ya madigadi. Halafu alaimenti, yaani kunyoosha magurudumu.

MASWALI YA WANACHAMA

Kutoka Watamu: Kaka, zangu hazigusi popote, lakini usukani unatetemeka nikifika 90.
Jibu: Anza na ringi ya katikati, ndugu yangu. Kama ipo, rudisha magurudumu kwenye balansi. Angalia pia kutu nyuma ya rimu.

Kutoka Mambrui: Mjomba, nimepata rimu za Mark X bei ya kutupa. Fundi anasema atazitanua matundu.
Jibu: Mwanangu, hapana. Mark X ni 114.3. Tundu lililotanuliwa halina kikalio, nati italegea njiani. Nakuomba usiwape abiria wako hatari hiyo.

Kutoka Lamu: Fundi, gari langu hulala Mokowe, safari zangu ni Witu, Garsen na Malindi. Niweke 17?
Jibu: Dada, kwa 215/45R17 ubavu wa tairi unabaki kama milimita 97, kutoka 127 za 195/65R15. Shimo moja usiku na rimu imepinda, na uko mbali na fundi. Ningekuwa wewe ningebaki na 15, au 16 kwa mwisho kabisa.

Kutoka Malindi: Donge langu limebaki milimita 2. Niweke spesa (bamba la kuweka kati ya habu na rimu) ya 5?
Jibu: Spesa ya 5 inakula milimita 5 za uzi. Hesabu mizunguko tena. Isipofika 8, weka stadi ndefu kwanza. Hata ikifika, spesa inaisogeza rimu nje, kwa hivyo pima madigadi ya nyuma ukiwa umepakia watu. Na ringi ya katikati huenda isifike kwenye mdomo wa habu, basi itazame kabla hujaleta gari kwangu.