Kuchagua Vipuri vya Kompyuta ya Michezo kwa Bajeti Ndogo

Kabla ya kuuliza bei ya kipuri chochote, amua utacheza michezo gani na kwenye monita ya aina gani, kwa sababu mambo hayo mawili ndiyo yanayoonyesha fedha ziende wapi. Anayecheza Valorant au Counter-Strike 2 atafaidika zaidi na prosesa yenye kasi, ilhali anayetaka michezo mipya yenye mandhari mapana atahitaji kwanza kadi ya michoro yenye nguvu na kumbukumbu ya kutosha. Kwa fedha kidogo, lenga monita ya pikseli 1920 kwa 1080. Ukipanda hadi 2560 kwa 1440, kadi italazimika kuchora karibu asilimia 78 zaidi ya pikseli kwa kila picha, na kadi ya bei nafuu italemewa.

Njia ya gharama ndogo zaidi ni kununua kompyuta ya mezani ya mtumba iliyotoka ofisini, kama Dell OptiPlex, HP EliteDesk au Lenovo ThinkCentre, ambazo ukizunguka Kariakoo, Dar es Salaam, au Luthuli Avenue, Nairobi, huwezi kuzikosa, kisha kuiongezea kadi ya michoro. Soma namba ya prosesa kwa makini: i5-4590 ni ya kizazi cha nne, i5-8500 ni ya kizazi cha nane. Tofauti hiyo si ya kasi peke yake, kwani Windows 11 inazikubali rasmi prosesa za Intel kuanzia kizazi cha nane, na Windows 10 iliacha kupewa masasisho ya kawaida ya usalama tarehe 14 Oktoba 2025. Kwa maoni yangu, kizazi cha nne hakifai tena kununuliwa kwa ajili ya michezo, hata muuzaji akikipunguza bei kiasi gani.

Mashine hizi zina mipaka miwili. Kwanza, zile zenye kasha jembamba hupokea kadi za kimo kidogo (low profile) tu, hivyo chukua yenye kasha kubwa ikipatikana. Pili, pawa saplai zake (vifaa vinavyogawa umeme ndani ya kompyuta) mara nyingi hazina kebo ya ziada ya kulisha kadi, na tundu la PCIe lenyewe, yaani lile linalochomekwa kadi, hutoa wati 75 tu. Kwa hiyo tafuta kadi isiyohitaji kebo, kama GTX 1650 isiyo na tundu la pini sita, au RTX 3050 ya GB 6 inayotumia wati 70. RX 6400 hutumia wati 53 na huvutia kwa hilo, lakini inawasiliana kwa njia nne tu za PCIe, na kwenye ubao mama (motherboard) wa toleo la tatu la PCIe, ambalo ndilo utakalolikuta kwenye kizazi cha nane, hupoteza sehemu ya uwezo wake.

Ukiweza kuunda kompyuta kuanzia mwanzo, soketi ya AM4, yaani kikao cha prosesa za AMD kwenye ubao mama, bado ni chaguo zuri. Ryzen 5 5600 ina koa sita (sehemu za prosesa zinazofanya kazi kwa pamoja) na hutumia RAM ya aina ya DDR4, wakati AM5, soketi mpya zaidi, haipokei RAM nyingine isipokuwa DDR5. Kwa upande wa Intel, i3-12100F inatosha kwa michezo mingi. Elewa tu kwamba herufi F ina maana kwamba prosesa haina michoro ya ndani, kwa hiyo bila kadi hutaona chochote kwenye monita. Ukinunua ubao wa B450 kwa ajili ya Ryzen 5 5600, mwombe muuzaji ahakikishe BIOS, programu ya ubao mama inayoiwasha kompyuta, imesasishwa, la sivyo kompyuta inaweza kukataa kuwaka.

Sehemu kubwa ya bajeti iende kwenye kadi ya michoro. RX 6600 yenye GB 8 inacheza vizuri kwa pikseli 1920 kwa 1080, na hutumia wati 132. Kadi zilizotumika ni nyingi, hasa RX 580, kwa kuwa mtandao wa sarafu ya kidijitali ya Ethereum uliacha kutegemea uchimbaji kwa kadi mnamo Septemba 2022 na wachimbaji wakaziuza. Zipo nzuri, lakini usilipe kabla ya kujaribu. Nenda na programu ya GPU-Z kwenye flashi, kwani huzitambua kadi nyingi zilizobadilishwa jina na kuandika neno FAKE mbele yake. Kwa RX 580, angalia idadi ya vitengo vya uchakataji: kadi kamili ina 2304, na ile dhaifu inayouzwa kwa jina hilohilo ina 2048. Kisha endesha mchezo mzito kwa robo saa, ukitazama joto na ukisikiliza feni. Madoa ya rangi yakitokea kwenye monita, irudishe.

Pawa saplai ndipo watu wengi wanapobana fedha, na ndipo nisipokubali kabisa kubana. Usiamini namba kubwa iliyoandikwa ubavuni. Soma jedwali la lebo, mstari wa volti 12. Pawa saplai iliyoandikwa wati 500 lakini yenye ampea 18 kwenye mstari huo inatoa wati 216 tu hapo, wakati RX 6600 na Ryzen 5 5600, ambayo huweza kufikia wati 76, zinakaribia 208 kabla hujahesabu feni na diski. Alama ya 80 Plus inapima ufanisi wa umeme, haithibitishi kinga dhidi ya hitilafu. Kama pawa saplai ya mtumba ina swichi ndogo nyuma yenye 115 na 230, iweke kwenye 230 kabla ya kuichomeka ukutani, maana ikiwa kwenye 115 italipuka papo hapo. Na kwa umeme wetu unaopanda na kushuka, tenga fedha za UPS (betri ya akiba) au stebilaiza.

RAM nunua vijiti viwili vya GB 8 badala ya kimoja cha 16, kwa sababu prosesa husoma vyote viwili kwa pamoja. Kwa kuhifadhi michezo, SSD ya NVMe (diski ya kasi) ya GB 500 inatosha kuanzia. Kasha liwe na matundu mbele na chujio la vumbi.

Ukishawasha, ingia kwenye BIOS uwashe XMP ili RAM ifanye kazi kwa kasi uliyoilipia, na uchomeke kebo ya monita kwenye kadi ya michoro, si kwenye ubao mama.