Sabuni ya mafuta ya nazi: vipimo na hatua kwa jikoni za Mtwara na Lindi

Visima vingi vya kandokando ya bahari, kuanzia Kilwa hadi Msimbati, vina maji ya chumvichumvi. Ukifua kwa sabuni ya kawaida ya mche unaona mwenyewe: povu halitoki, maji yanafanya utando wa kijivu, na kanzu nyeupe inaanikwa ikiwa na ukungu. Mafuta ya nazi yanatatua shida hiyo. Sabuni yake hutoa povu kwenye maji magumu na hata kwenye maji ya bahari, jambo ambalo sabuni ya mafuta mengine mengi haliwezi. Na nazi tunazo.

Kabla ya yote, tuelewane. Sabuni ya kipande haipatikani bila kostiki soda (sodiamu haidroksaidi). Mafuta yakikutana na kostiki, vyote viwili vinageuka kuwa sabuni na glisirini. Kipimo kikiwa sahihi, kostiki haibaki hata chembe. Kipimo kikikosewa, inabaki na inaunguza ngozi, hata kama mafuta yalitoka kwenye mnazi wa uani kwako. Ndiyo maana mafuta, kostiki na maji tunavipima kwa gramu tu. Kwa hivyo vitatu, vikombe, vijiko na lita viache kabisa.

Mfano mmoja unatosha. Gramu 1000 za mafuta ya nazi humaliza gramu 183 za kostiki. Lakini lita moja ya mafuta hayo ina uzito wa gramu 920 hivi, na gramu 920 humaliza gramu 168 tu. Anayepima "lita moja" akaweka gramu 183 amebakiza gramu 15 za kostiki ndani ya sabuni, na aliyeoga nayo atawashwa bila kujua sababu. Nunua mizani ndogo ya kidijitali ya jikoni inayosoma gramu moja moja. Bila hiyo, usianze.

Mafuta

Unaweza kununua mafuta yaliyokamuliwa au ukajitengenezea. Ukitengeneza mwenyewe, tumia nazi zilizokomaa, zile zinazolia maji ukizitikisa. Kuna kwenye mbuzi, kamua tui kwa maji ya uvuguvugu, chuja kwa kifumbu au kitambaa safi, kisha liache kwenye chombo cha mdomo mpana usiku kucha. Asubuhi tui zito limepanda juu na maji yamebaki chini. Engua lile la juu, liweke kwenye moto mdogo, ukoroge mara kwa mara ili lisishike chini.

Hapo sikiliza. Mwanzoni tui linatokota kwa kelele kwa sababu maji bado yamo. Baadaye linakatika, mafuta yanajitenga, na mabaki yanaanza kubadilika rangi: meupe, kisha ya manjano, kisha ya kahawia. Kelele zikififia na mapovu yakawa madogo na machache, maji yamekwisha. Ipua hapohapo. Ukichelewa dakika chache mabaki yanaungua, mafuta yanakuwa meusi na harufu ya moshi inaingia hadi kwenye sabuni. Ukiwahi kuipua, maji yanabaki ndani na mafuta yatachacha mapema. Chuja mara mbili, yaache yapoe, ufunike. Kati ya Juni na Agosti yanaweza kuganda chupani asubuhi, kwa kuwa mafuta ya nazi huganda chini ya nyuzi 24 hivi. Hayajaharibika, yapashe moto kidogo ndipo upime.

Ya ufuta yanapatikana kwa urahisi huku kwetu, hasa Lindi. Kiasi kidogo kinalainisha sabuni ya nazi, ambayo ikiwa peke yake inasafisha hadi ngozi inakauka.

Kwa korosho, onyo: mafuta ya punje hayana shida, ila yana gharama. Utomvu wa ganda la korosho usiuguse wala usiuingize kwenye sabuni. Ndio ule unaowatoa malengelenge na kuwababua mikono wanaobangua bila kinga, na kuugeuza sabuni hakuuondolei ukali.

Vyombo

Sufuria zetu nyingi ni za alumini, na hapa ndipo wanaoanza wanapoharibikiwa. Kostiki inaila alumini: sufuria inatoa mapovu, inatoa gesi ya haidrojeni inayoshika moto, na mchanganyiko unakuwa wa kijivu na kuharibika. Tumia ndoo au jagi la plastiki gumu lenye namba 5 na herufi PP chini yake, au chombo cha chuma kisichoshika kutu. Kioo kiache, kinaweza kupasuka kwa joto. Mwiko wa mbao unafaa ila kostiki huula polepole. Uwe wa kazi hiyo tu, usirudi kwenye ugali.

Vaa glavu za mpira, miwani inayofunika macho, mikono mirefu na viatu vilivyofunika miguu. Watoto wasiwe karibu. Kostiki iliyoyeyushwa inafanana kabisa na maji ya kunywa, kwa hiyo usiiweke kwenye kikombe wala chupa ya maji hata kwa dakika moja. Ikikurukia, vua nguo iliyolowa na uoshe sehemu hiyo kwa maji mengi yanayotiririka, dakika 20 au zaidi. Usipake siki wala ndimu. Kuizima kwa asidi juu ya ngozi kunaongeza joto. Ikiingia jichoni, osha hivyohivyo kisha wahi hospitali: Ligula kwa walio Mtwara mjini, Sokoine kwa walio Lindi. Aliyeimeza asitapishwe, apelekwe mara moja.

Kuhusu kostiki yenyewe: nunua vipande vikavu vyeupe vilivyofungwa vizuri. Inavuta unyevu wa hewa, na hewa ya pwani ina unyevu wa kutosha. Mfuko uliokaa wazi dukani wakati wa mvua unakuwa na mabonge yaliyolowa. Hayo ukiyapima unapima maji pamoja na kostiki, na sabuni haitashika. Ya nyumbani ihifadhi kwenye kopo la plastiki lenye kifuniko cha kukaza, mahali pa juu.

Kipimo cha sabuni ya kuogea

Mafuta ya nazi gramu 800
Mafuta ya ufuta gramu 200
Kostiki soda gramu 156
Maji ya mvua yaliyochujwa gramu 312

Mafuta haya yangeweza kumaliza gramu 173 za kostiki. Tumepunguza kwa asilimia kumi makusudi, ili mafuta kidogo yabaki ya kulainisha ngozi na ili kosa dogo la mizani lisikuumize. Ukibadilisha aina ya mafuta, kipimo cha kostiki nacho kinabadilika. Ya ufuta hutaka gramu 0.134 kwa kila gramu moja, ya nazi 0.183. Maji ya kisima cha chumvi usiyatumie kutengenezea. Chumvi inavuruga uji wa sabuni, na madini yake yanafanya sabuni ichache. Sabuni ikishakomaa, ndipo uitumie kwenye maji hayo.

Kuchanganya

Kazi hii ifanyie nje, upepo ukiwa mgongoni. Pima maji kwanza, kisha mimina kostiki ndani ya maji kidogo kidogo huku ukikoroga. Usigeuze: maji yakimiminwa juu ya kostiki yanachemka ghafla na kuruka. Mchanganyiko utapanda joto sana na kutoa mvuke unaokereketa koo kwa dakika chache. Rudi nyuma usiuvute. Koroga hadi pasiwepo chembe chini, kwa sababu chembe isiyoyeyuka itabaki kuwa punje nyeupe inayounguza ndani ya kipande. Acha upoe, kwa kawaida kama saa nzima.

Mafuta na maji ya kostiki vikiwa vyote kwenye nyuzi 40 hivi, joto la maji ya kumwogeshea mtoto ukipima kwa kushika nje ya chombo, mimina kostiki kwenye mafuta taratibu. Koroga bila kupumzika. Kwa mwiko inaweza kuchukua nusu saa hadi saa moja, kwa blenda ya mkono ya umeme dakika chache. Mwanzo ni kama tui jepesi. Kisha linakuwa kama uji wa mtoto. Chota kwa mwiko, dondosha juu: tone likiacha alama inayokaa kidogo kabla ya kuzama, imeshika. Wengi wanamimina kabla ya hapo, na kesho yake wanakuta mafuta yanaelea juu na maji makali chini.

Harufu inawekwa sasa, mwishoni. Mafuta ya mchaichai gramu 15 yanatosha kipimo hiki. Mafuta ya karafuu na ya mdalasini yanagandisha uji ghafla ukiwa bado mkononi, tena yanawasha ngozi, tunashauri uyaache. Mwani wa Kilwa au wa Mtwara, uliooshwa chumvi, ukakaushwa na kusagwa laini, kijiko kimoja cha chakula kinatosha. Ukizidisha sabuni inakwaruza. Maji ya ndimu usitie hata kidogo, asidi yake inakula kostiki na kukuachia sabuni laini isiyoshika. (Na ndimu usijipake ngozini kisha ukatoka juani, inaacha mabaka meusi yanayokaa wiki kadhaa.)

Mimina kwenye boksi lililotandikwa nailoni. Usifunike kwa blanketi kama wafanyavyo watu wa nchi za baridi: sabuni ya nazi inajipasha joto yenyewe, na kwa hali ya hewa yetu inaweza kupasuka katikati au kufura. Weka penye hewa. Ikate ndani ya saa 8 hadi 12, ukiwa bado na glavu. Ukingoja siku mbili itakuwa ngumu na kisu kitaivunja mapande.

Kukomaa, na namna ya kuikagua

Panga vipande kwenye chanja, visigusane, kivulini, wiki nne hadi sita. Wakati huo maji yanatoka na kipande kinakuwa kigumu. Sabuni ya wiki moja inayeyuka bafuni kabla ya siku kumi kwisha. Hapa mvua ni za msimu mmoja, kuanzia Novemba au Desemba hadi Aprili au Mei, na miezi hiyo sabuni hutoka jasho, maana glisirini inavuta unyevu. Jasho hilo halina madhara, futa. Kama unaweza kuchagua, tengeneza akiba kuanzia Juni.

Baada ya siku tatu, lowesha kidole, sugua kipande, kisha gusa ncha ya ulimi kidogo sana. Ladha ya sabuni tu ni sawa. Ikichoma kama ncha za betri, irudie wiki ya pili. Bado inachoma? Kostiki imezidi.

Unga mweupe juu ya kipande ni magadi yaliyotokana na hewa. Futa kwa kitambaa kibichi. Punje ngumu nyeupe ndani, au vijishimo vya majimaji, ni kostiki, na kipande hicho kisitumike. Madoa ya rangi ya chungwa yenye harufu ya mafuta ya zamani ni kuchacha: mafuta yalikuwa na maji, au ya ufuta yalikaa sana. Sabuni iliyobaki laini kama siagi baada ya siku tatu ilikosa kostiki, au iliwekwa maji mengi.

Iliyozidi kostiki inaweza kuokolewa kama unajua ulizidisha gramu ngapi. Kila gramu moja iliyozidi inataka gramu 5.5 za mafuta ya nazi. Kwaruza sabuni yote ukiwa na glavu, ongeza mafuta hayo na maji kidogo, pasha kwenye moto mdogo sana, chombo kisiwe cha alumini, ukoroge hadi ifanane na ugali laini, kisha ishindilie kwenye boksi. Kama hujui ulizidisha kiasi gani, usimpe mtu.

Ya kufulia, na ya chumvi

Ya kufulia na vyombo haihitaji mafuta ya kubaki: gramu 1000 za nazi, kostiki 179, maji 360. Hatua ni zilezile. Ikishakomaa, ikwaruze na uyeyushe kwenye maji ya moto kwa nguo zenye madoa ya mafuta. Usiogee.

Ya chumvi ni nzuri kwa joto la huku: nazi gramu 1000, kostiki 146, maji 292, na chumvi kavu iliyosagwa laini gramu 500 inayotiwa uji ukishashika. Mimina kwenye vikombe vidogo vya plastiki, kimoja kimoja. Kwenye boksi kubwa inaganda haraka mno na kukatika vipandevipande.

Ukifikiria kuuza, ofisi za mkoani za SIDO (shirika la viwanda vidogo) ni pa kuanzia kwa mafunzo, na tangu 2019 vipodozi viko chini ya TBS (shirika la viwango), kwa hiyo ulizia taratibu zao kabla ya kuchapisha lebo. Kwenye kila pakiti andika tarehe ya kumimina, mafuta yaliyotumika na uzito wa kipande kikiwa kimekomaa. Uzito wa siku ya kukata usiuandike. Hadi wiki ya sita kitakuwa kimepungua.