Kutolewa uvimbe wa kifundo cha mguu kwa kamera: ya kujiandaa nayo

Mimi ni fundi cherehani, mtaa wa Umoja, Nairobi. Cherehani yangu ni ya miguu, basi kifundo kilipoanza kuuma kila mtu alilaumu pedali. Zahanati moja ilinichua mwaka mzima wakisema nimeteguka.

Kwa hivyo, kwanza kabisa, andika saa. Maumivu yangu yaliniamsha saa 8 usiku. Nikimeza ibuprofen, yananyamaza. Uvimbe huu, osteoidi osteoma, si saratani, ila hutoa prostaglandini zinazochochea maumivu, na dawa za jamii ya aspirini huzizima. Daftari langu ndilo lililomfanya daktari wa mifupa aagize CT skani. Eksirei haikuwa imeonyesha kitu. CT ikaonyesha kiini cha milimita 8 kwenye talasi, mfupa unaobeba muundi.

Uliza njia zote. Wapo wanaomeza dawa na kungoja, kwani uvimbe waweza kuisha wenyewe baada ya miaka, lakini tumbo ndilo linaloumia. Wapo wanaochomwa kiini kwa sindano ya joto la nyuzi 90 hivi. Changu kilikuwa karibu mno na gegedu, utando laini unaofunika mfupa kwenye kiungo, tukachagua kamera: matundu mawili mbele ya kifundo, kila moja dogo kuliko tundu la kifungo cha koti, maji ya chumvi yanapanua kiungo, kiini kinakwanguliwa, vipande vinaenda maabara. Ulizia majibu hayo, usiyasahau. Na ulizia SHA, bima ya afya ya serikali, italipa kiasi gani kabla ya kupewa tarehe.

Taja kila dawa unayomeza, hata ya dukani.

Kisha magongo. Naishi ghorofa ya 4, hakuna lifti, na ningejuta nisingefanya mazoezi wiki moja kabla. Kupanda, tangulia mguu mzima. Kushuka, magongo na mguu mgonjwa vitangulie. Weka stuli bafuni na mfuko wa plastiki wa kufunika bandeji. Bodaboda sahau.

Nyumbani inua mguu juu ya mto. Shavu la mguu likivimba, homa ikipanda, usaha ukitoka au vidole vikiwa baridi, rudi hospitali siku hiyohiyo.

Nyuzi zilitolewa baada ya wiki 2: mbili kila tundu, mshono safi, ingawa fundo moja mimi ningelikaza zaidi. Muda wa kutokanyaga hutegemea mfupa umekwanguliwa kiasi gani. Mimi niliruhusiwa pedali wiki ya 6. Hadi hapo nilishona vifungo na kupiga pindo kwa mkono, mguu juu ya kreti ya soda.