Safu ya ushambuliaji haifungi? Anza kurekebisha kabla mpira haujafika mbele

Timu ikikaa wiki tatu bila magoli ya kutosha, lawama zote humwangukia mshambuliaji mrefu aliyesimama mbele. Hadaki, mzito, atolewe. Kwenye kandanda ya Australia, inayochezwa kwa mikono na miguu, hukumu hiyo hutolewa karibu kila msimu, na mara nyingi kijana wa watu ndiye wa mwisho katika mlolongo wa makosa yaliyoanzia mita 70 nyuma yake. Nafundisha washambuliaji wa timu ya mtaa magharibi mwa Melbourne, na hizi ndizo hatua ninazofuata safu inapokwama. Zifuate kwa mpangilio wake, kwa sababu kila moja inategemea iliyotangulia.

Kwa aliye mgeni wa mchezo huu: uwanja una umbo la yai, kila timu ina watu 18 ndani, na kila upande una milingoti minne. Mpira uliopigwa kwa mguu ukipita kati ya ile miwili mirefu bila kuguswa ni goli, pointi 6. Ukipita kati ya mrefu na mfupi ni pointi 1 tu. Anayedaka mpira uliopigwa angalau mita 15 bila kuguswa njiani huachiwa nafasi ya kuupiga bila kubughudhiwa. Mbele ya kila goli umechorwa mstari wa mita 50, na humo ndani ndimo mshambuliaji anapopatia riziki yake.

Hatua ya 1: Hesabu kwanza

Siku ya mechi mpe daftari mtu mmoja asiye na kazi nyingine. Kila mpira unapoingia ndani ya mita 50, aandike umepigwa kutoka wapi, umeangukia wapi, na nani kaupata. Baada ya mechi mbili tatu utaona ugonjwa uko wapi. Ikiwa mabeki wa wapinzani wanadaka mipira mingi, tatizo liko kwa wanaoingiza mpira. Ikiwa mpira unaanguka chini kisha unatoka nje ya eneo kwa kasi, huna watu wa mpira wa pili, yaani ule unaoanguka bila kudakwa. Ikiwa mnapata nafasi lakini ubao umejaa pointi moja moja, shida ni mguu. Na ikiwa mpira hauingii kabisa, waache washambuliaji, ukazungumze na kocha wa wachezaji wa kati.

Msidanganyike na wingi wa mipira inayoingia. Kwenye mechi za fainali za AFL, ligi kuu ya mchezo huu, mwaka 2023, timu ya Melbourne waliingiza mpira mbele mara nyingi kuliko Collingwood, tena kwa mbali sana, wakaambulia magoli 7 na pointi moja moja 11, wakafungwa 60 kwa 53. Wiki iliyofuata, kwenye nafasi yao ya mwisho, wakakutana na Carlton: magoli 9, pointi moja moja 17, wakapoteza 73 kwa 71 na safari ikaishia hapo. Hii ni timu iliyokuwa bingwa miaka miwili kabla ya hapo. Collingwood ndio waliotwaa kombe mwaka huo.

Hatua ya 2: Rekebisha mpira unaoingia

Hapa ndipo penye tiba kubwa, kwa hiyo hapa ndipo utumie muda mwingi wa mazoezi.

Kiungo aliyebanwa huinamisha kichwa na kuupiga mpira juu, mbali, kuelekea kwenye rundo la watu mbele ya goli. Mpira wa namna hiyo hukaa hewani muda mrefu, na kila sekunde hewani inamsaidia beki. Kuna mabeki ambao kazi yao hasa ni kuvizia mipira hiyo. Mtazame Aliir Aliir wa Port Adelaide, aliyezaliwa kwenye kambi ya wakimbizi ya Kakuma, Kenya, na kuingia kwenye kikosi bora cha mwaka cha AFL 2021. Humwacha mtu wake mapema, anausoma mguu wa mpigaji, na anafika chini ya mpira kabla ya yule aliyekusudiwa. Ukimpigia beki wa aina hiyo mpira wa juu mara kumi, umemlisha mara kumi.

Zoezi langu ni hili. Weka viungo watatu, washambuliaji watatu na mabeki wawili. Kiungo apokee pasi ya ngumi (mpira unashikwa mkono mmoja na kupigwa kwa ngumi ya mwingine) akiwa anakimbia, mita 65 hivi kutoka golini. Haruhusiwi kupiga mpaka aone kifua cha mshambuliaji anayemjia. Akiona mgongo, asubiri au ampe mwenzake. Mpira uende chini, usawa wa kifua, uangukie mbele ya mkimbiaji kwenye upande ambao beki hayupo. Mambo yakianza kukubali, ongeza beki wa tatu, kisha muweke mtu wa kumkimbiza mpigaji kwa nyuma, maana siku ya mechi hakuna anayepiga akiwa ametulia.

Mshambuliaji naye ana sehemu yake. Wengi huchomoka mapema mno: kiungo anapoinua kichwa, mbio zimeshaisha na beki kashafika. Mfundishe aanze kwa kumvuta beki kuelekea golini, hatua nne au tano za kweli, kisha ageuke ghafla pale kiungo anapotuliza mpira mikononi. Akishageuka asisite hata kama anahisi mpira hautakuja kwake, kwa sababu mbio zake zinamfungulia nafasi mwenzake aliye nyuma.

Na pale ambapo hakuna mtu kabisa? Mpira upigwe pembeni mwa eneo, mahali walipo wawili tu, wetu na wao, ili hata tusipodaka utoke nje ya mstari na tujipange upya.

Hatua ya 3: Watawanye warefu

Ukiwa na warefu watatu wanaoruka kwenye mpira mmoja, umewakusanyia wapinzani mabeki watatu mahali pamoja. Mmoja abaki karibu na goli. Wa pili ndiye wa kuchomoka kuufuata mpira. Wa tatu mpe kazi isiyopigiwa makofi: amfuate beki mviziaji popote anapokwenda, amguse mwili, amlazimishe kukaba badala ya kuvizia. Msifie huyu mbele ya wenzake kila Jumanne mazoezini, la sivyo kufikia mechi ya tatu ataiacha kazi hiyo aende kutafuta magoli yake.

Tangu 2019, AFL inataka kila timu iwe na wachezaji sita ndani ya kila eneo la mita 50 mchezo unapoanzishwa katikati. Hapo uwanja uko wazi mno, na sekunde chache za mwanzo zina thamani kubwa. Andaa mpango maalumu kwa ajili yake.

Hatua ya 4: Mpira wa pili na kukaba

Richmond walimaliza nafasi ya 13 mwaka 2016. Mwaka uliofuata kocha Damien Hardwick alimtegemea mrefu mmoja, Jack Riewoldt, akamzungushia wafupi wenye mbio kama Daniel Rioli, Dan Butler na Jason Castagna. Riewoldt hakulazimika kudaka kila kitu. Ilitosha mpira usidakwe na beki. Ukigusa chini, wale wafupi wako hapo, na beki akiupata kabla yao anakabwa asipumue. Walichukua ubingwa wa 2017 kwa kuwafunga Adelaide tofauti ya pointi 48.

Kosa la wafupi wengi ni kukimbilia chini kabisa ya wanaoruka. Simama nao uwanjani uwaonyeshe: mpira uliopigwa ngumi na beki mara nyingi huanguka mita tatu hadi tano mbele ya kundi, upande ulikotoka. Mfupi wa kwanza asimame hapo, magoti yamekunjwa kidogo, akitazama mikono ya wanaoruka na si mpira angani. Wa pili akae nyuma ya kundi, upande wa goli, kwa mpira unaopita vichwa vyote. Wa tatu azibe njia ya kutorokea.

Wafundishe pia kumkamata mwenye mpira vizuri, mikono yote miwili, bila kumsukuma mgongoni. Aliyekuwa na nafasi ya kuutoa mpira akakamatwa nao, mwamuzi huwapa ninyi pigo huru, na hapo mko mita 30 kutoka golini.

Hatua ya 5: Mguu

Milingoti ya goli imeachana mita 6.4. Kwa mchezaji aliyechoka, mwenye sekunde 30 na beki anayempigia kelele, upana huo hupungua. Kwa hiyo pigeni mwisho wa mazoezi, mapafu yanapowaka, si mwanzoni.

Angalia mkono kuliko mguu. Mpira hupotea unapoachiwa vibaya. Mkono wa upande wa mguu unaopiga uuongoze mpira kushuka hadi karibu na kiuno, ukiwa wima, na uachiwe chini chini ili usipate muda wa kuyumba. Mguu uendelee kunyooka kuelekea golini baada ya kupiga. Kila mchezaji awe na utaratibu wake mmoja, idadi ileile ya hatua na pumzi ileile, akiwa mita 20 au 45. Wale wanaopenda kupinda mpira kutoka pembeni kabisa, wazuie mpaka waweze ule wa kawaida bila kufikiri.

Hatua ya 6: Sasa ndipo ubadilishe watu

Rudi kwenye daftari. Mrefu anayefika kwenye kila mpira wa juu na kuuangusha chini bila beki kudaka, mwache acheze hata kama hajafunga, kwa sababu magoli ya wafupi yanatoka kwake. Wa kupumzishwa ni yule ambaye jina lake halionekani popote: hadaki, hakabi, hamvuti beki. Mpeleke timu ya akiba wiki mbili, acheze kiungo, aguse mpira mara nyingi na aone jinsi ilivyo vigumu kumtafuta mshambuliaji aliyesimama. Kisha mrudishe mbele.