Mjamzito na sindromu ya metaboli: kipimo cha sukari kisikupotoshe

Kitambi, presha, sukari na mafuta ya damu vikikutana kwa mtu mmoja huitwa sindromu ya metaboli. Kwa kawaida dalili tatu kati ya tano hutosha kuithibitisha; mafuta huhesabiwa mara mbili: trigliseridi (aina ya mafuta ya damu) zikizidi, na HDL (mafuta mazuri) ikipungua. Kwa mjamzito hesabu hiyo haifai: kiuno hakipimiki, na trigliseridi hupanda zenyewe mara mbili hadi tatu. Tumia uzito wa kabla ya mimba, ugawe kwa kipeo cha pili cha urefu kwa mita. 30 na kuendelea ni unene uliokithiri.

Presha ipimwe akiwa ameketi, baada ya kupumzika dakika 5. Mkanda mdogo kwenye mkono mnene huonyesha presha ya juu isiyokuwepo. 140/90 ikijirudia baada ya saa 4, ana presha. Ikifika 160/110, usisubiri saa hizo.

Kazi kubwa iko kwenye sukari. Pima wiki ya 24 hadi 28. Mnene, au aliyewahi kupata kisukari cha mimba, apimwe tangu hudhurio la kwanza. Afunge saa 8 hadi 14, maji ruksa. Toa damu, kisha anywe gramu 75 za glukosi katika mililita 300 za maji, ndani ya dakika 5. Soma pakiti kwanza: glukosi yenye maji ndani yake hupimwa gramu 82.5. Saa huhesabiwa tangu funda la kwanza. Akae, asitembeetembee. Akitapika, kipimo kimeharibika. Apangiwe siku nyingine.

Kwa vigezo vya Shirika la Afya Duniani vya 2013, ni kisukari cha mimba akifikisha 5.1 kabla ya kunywa, 10.0 baada ya saa 1, au 8.5 baada ya saa 2 (mmol/L, yaani milimoli kwa lita, katika plazma ya mshipa: majimaji ya damu yaliyotenganishwa na chembe). Kimoja tu kinatosha. Ikiwa 7.0 kabla ya kunywa au 11.1 baada ya saa 2, hicho ni kisukari kamili.

Wengi hukosewa hapa: damu ikikaa mezani, chembe zake hula sukari asilimia 5 hadi 7 kila saa. Mwenye 5.3 husomeka 5.0 na kurudishwa nyumbani. Chupa ya kifuniko cha kijivu (yenye floridi ya kuzuia chembe kula sukari) peke yake haizuii upotevu wa saa ya kwanza; iweke kwenye barafu, plazma itenganishwe ndani ya dakika 30. HbA1c (kipimo cha wastani wa sukari ya miezi michache iliyopita) isichukue nafasi ya kipimo hiki, hasa kwa mwenye upungufu wa damu au selimundu.

Aliyekutwa na kisukari cha mimba arudie kipimo wiki 6 hadi 12 baada ya kujifungua.